Ini na Viuavijasumu: Madhara Adimu Ambayo Kila Mwanafunzi Anapaswa Kuyajua



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, tunaendelea na masomo yetu ya afya kwa jicho la Muislamu. Leo tunazungumzia jambo linalogusa karibu kila chumba cha hosteli. Mitihani inakaribia, koo linauma au mkojo unachoma, na mwanafunzi hana muda wa kupanga foleni hospitali. Anakwenda duka la dawa la jirani, anaeleza maneno mawili, na anatoka na vidonge katika kibahasha kisichoandikwa hata jina la dawa. Mwingine hafiki hata dukani, bali anapewa na mwenzake vidonge vilivyobaki tangu muhula uliopita.

Wengi humeza dawa hizo wakapona, au wakapona tu kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa kupita. Lakini wapo wachache ambao dawa ile ile iliyomfaa mwenzao huwaumiza ini. Baadhi yao hawajui kwamba ni dawa, kwa sababu dalili huja baada ya vidonge kwisha na kusahaulika. Somo hili halikusudii kumtisha mtu aache dawa anayoihitaji. Linakusudia tujue mambo manne: ini hufanya nini na dawa, ni viuavijasumu gani hulidhuru mara chache, dalili ni zipi, na dini yetu inatutaka tuwe na adabu gani katika kutumia dawa.

1. Ini hufanya nini na dawa unayomeza

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Chakula na dawa vikishanyonywa na utumbo, damu iliyobeba vitu hivyo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kuenea mwilini. Kwa hiyo ini ni kama mlinzi wa lango: kila kinachoingia lazima kikaguliwe hapo.

Dawa nyingi zikifika kwenye ini hubadilishwa kwa hatua mbili. Kwanza, vimeng'enya vya ini huivunja au kuigeuza dawa. Pili, ini huifunganisha na kitu kingine ili iyeyuke katika maji na itoke kwa njia ya mkojo au nyongo. Tatizo hutokea katikati ya hatua hizi. Wakati mwingine kile kinachozaliwa dawa inapovunjwa ni kikali kuliko dawa yenyewe. Kikiondolewa haraka hakuna neno, lakini kikikawia huziumiza chembe za ini.

Waswahili husema maneno makali hukata maini, kwa kuwa waliliona ini kuwa ni mahali pa uchungu. Ajabu ni kwamba ini lenyewe likiumia huwa halilii mapema. Linaweza kuumia kwa siku kadhaa huku mwenyewe anahisi uchovu tu.

2. Aina mbili za madhara

Ni muhimu kutofautisha aina mbili za madhara ya dawa kwenye ini.

Aina ya kwanza hutegemea kipimo. Mfano wake maarufu ni parasetamoli. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango cha juu kwa siku ni gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mtu yeyote akimeza nyingi mno, ini lake litaumia. Hapa sababu iko wazi, na kinga yake ni kutovuka kipimo.

Aina ya pili haitegemei kuzidisha kipimo. Mtu amemeza dawa sahihi, kwa kiasi sahihi, kwa muda sahihi, na bado ini lake likaumia ilhali maelfu wengine hawakupata lolote. Madhara ya viuavijasumu kwenye ini mara nyingi ni ya aina hii. Sababu zake hazijulikani zote, lakini mbili zimethibitika: maumbile ya kurithi katika namna ini linavyoivunja dawa, na kinga ya mwili kuiona dawa iliyoshikamana na chembe za ini kuwa ni adui na kuishambulia.

Utafiti kuhusu flukloksasilini uliochapishwa mwaka 2009 unaonyesha jambo hili vizuri. Wenye jeni moja mahususi ya kinga ya mwili walionekana kuwa na hatari ya kuumia ini kwa dawa hiyo takriban mara 80 kuliko wasio nayo. Hata hivyo, wengi mno wenye jeni hiyo hunywa dawa hiyo wasidhurike. Kwa hiyo jeni peke yake haitoshi kumtabiria mtu yatakayompata. Kwa sababu hiyo hatuwezi kusema, "Mwenzangu alikunywa akapona, basi na mimi ni salama."

3. Dawa zenyewe

Amoksiklavu. Hii ni amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, na wengi wanaijua kwa jina la Augmentin. Katika nchi nyingi za Magharibi ndiyo inayoongoza miongoni mwa viuavijasumu katika kuumiza ini. Utafiti wa Iceland uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba aliyeumia ini alikuwa 1 kati ya watumiaji takriban 2,350. Idadi hiyo ni ndogo, lakini dawa yenyewe hutumiwa na mamilioni. Hatari huongezeka kwa wazee na kwa wanaoitumia muda mrefu. Jambo la kuzingatia ni kwamba amoksisilini ikiwa peke yake hudhuru ini mara chache zaidi. Klavulaniki ndiyo inayodhaniwa kuwa chanzo. Tena dalili huweza kuanza wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi.

Dawa za kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya miezi 6 huanza na dawa nne kwa miezi miwili: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Tatu za mwanzo zinaweza kuumiza ini. Isoniazidi pia hupewa watu wasiougua ili kuwakinga, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wapo watu ambao kwa kurithi huivunja isoniazidi polepole, na hao wamo katika hatari zaidi. Umri mkubwa, pombe, na homa ya ini aina ya B huongeza hatari pia. Kwetu Uganda homa ya ini aina ya B ipo, hasa mikoa ya kaskazini, kwa hiyo jambo hili si la vitabuni tu.

Kotrimoksazoli, ijulikanayo kama Septrin. Ikidhuru ini, mara nyingi huja pamoja na homa na vipele mwilini katika wiki za mwanzo. Vipele baada ya Septrin si jambo la kupaka mafuta na kungoja. Ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nitrofurantoini, inayotumika kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Dozi fupi ni nadra kudhuru ini. Hatari zaidi ni kwa wanaoitumia miezi au miaka kama kinga.

Azithromaisini, erithromaisini na siprofloksasini nazo zimo katika orodha, kwa nadra zaidi.

4. Funzo kutoka Washington, 1970

Isoniazidi ilianza kutumika dhidi ya kifua kikuu mwaka 1952, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa dawa isiyo na shida kubwa. Mwaka 1970 wafanyakazi wa serikali mjini Washington, Marekani, walihofiwa kuwa wamekaa karibu na wagonjwa wa kifua kikuu. Watu 2,321 wakaanzishiwa isoniazidi kama kinga. Kati yao 19 waliugua ini, na 2 wakafariki dunia.

Watu hao walipewa dawa wakiwa wazima. Hilo ndilo lililowashitua madaktari. Walikuwa na njia mbili: kuitupa dawa hiyo, au kujifunza kuitumia kwa uangalifu. Wakachagua njia ya pili. Ukawekwa utaratibu wa kumwona anayeitumia kila mwezi, kumuuliza dalili, na kumwambia wazi kwamba akijisikia vibaya asimeze tena hadi aonwe. Isoniazidi ipo mpaka leo na imeokoa watu wengi. Kilichobadilika ni uangalifu.

Ndugu yangu, hilo ndilo funzo tunalotaka ulichukue. Dawa yenye madhara adimu haiachwi, ila haitumiwi kwa kughafilika.

5. Dalili za kuangalia

Dalili za mwanzo hufanana na malaria au uchovu wa masomo: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, na maumivu upande wa juu kulia wa tumbo. Baadaye huja:

- weupe wa macho kugeuka manjano;
- mkojo kuwa wa rangi nzito ya chai ya rangi;
- choo kupauka;
- mwasho wa mwili mzima bila vipele;
- na hali ikiwa mbaya, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, au kutokwa damu kirahisi.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi umanjano wa ngozi huchelewa kuonekana. Tazama macho, na uyatazame mchana kwa mwanga wa jua. Taa ya chumbani hudanganya. Anayetawadha mara tano kwa siku hukosa udhuru wa kutojua hali ya mwili wake.

Tahadhari moja: si kila mkojo wenye rangi ni ini. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya machungwa, na hilo si dhara. Nitrofurantoini nayo huweza kuutia mkojo rangi ya kahawia. Anayetumia dawa hizi asitishike kwa mkojo peke yake. Aangalie macho, hamu ya kula na nguvu za mwili. Akiwa na shaka, apimwe.

6. Vipimo vinasemaje

Hospitali watapima damu kuangalia mambo matatu hasa: ALT, kimeng'enya kinachomwagika chembe za ini zinapovunjika, ALP, ambayo hupanda njia za nyongo zinapoziba au kuumia, na bilirubini, ile rangi ya manjano inayoonekana machoni.

Wenzetu wa tiba na famasia wanatumia hesabu rahisi. Gawanya ALT ya mgonjwa kwa kikomo cha juu cha kawaida, fanya vivyo hivyo kwa ALP, kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Ikiwa 5 au zaidi, chembe za ini ndizo zilizoumia. Ikiwa 2 au pungufu, ni tatizo la mtiririko wa nyongo. Katikati ni mchanganyiko.

Tuchukue mfano wa kubuni. ALT ni 200 na kikomo ni 40, jibu ni 5. ALP ni 480 na kikomo ni 120, jibu ni 4. Gawanya 5 kwa 4 upate 1.25. Hili ni tatizo la nyongo, na ndiyo sura ambayo amoksiklavu huileta mara nyingi. Isoniazidi kwa kawaida huleta sura ya kwanza, ya chembe kuumia.

Kwa nini tofauti hii ina uzito? Daktari Hyman Zimmerman wa Marekani alibainisha kwamba chembe za ini zikiumizwa na dawa hadi mgonjwa akawa na macho ya manjano, takriban mmoja kati ya kumi huweza kufariki. Kwa hiyo macho ya manjano si dalili ya kungojea wikiendi ipite.

Kabla ya kuilaumu dawa, daktari atapima pia virusi vya homa ya ini, malaria, na mawe ya nyongo. Hakuna kipimo kimoja kinachosema, "Ni dawa hii." Jibu hupatikana kwa kuondoa sababu nyingine na kwa historia ya dawa. Ndiyo maana jina la dawa na tarehe uliyoanza vina thamani kubwa. Mwenye kibahasha kisicho na jina amemnyima daktari wake nusu ya ushahidi.

Habari njema ni kwamba dawa ikisimamishwa mapema, wengi hupona kabisa, ingawa huweza kuchukua wiki au miezi. Aliyewahi kuumizwa hivyo asirudie dawa hiyo bila ya uamuzi wa daktari, kwani mara ya pili inaweza kuwa kali zaidi.

7. Adabu ya Muislamu katika dawa

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na kwamba Allah hakuleta maradhi bila kuleta dawa yake. Hili ni la kushukuru. Lakini tiba ina adabu zake.

Kwanza, kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya sharia. Mwili ni amana. Anayemeza kiuavijasumu kwa mafua, ambayo huletwa na virusi na hayaguswi na kiuavijasumu, amejiingiza katika hatari isiyo na faida yoyote. Hatari ya 1 kati ya maelfu inakubalika pale dawa inapookoa mapafu au figo. Pale isiposaidia kitu, hata hatari ndogo ni hasara tupu.

Pili, Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameeleza katika Zad al-Ma'ad kuwa matabibu walikubaliana wasikimbilie dawa pale chakula kinapotosha, wala dawa ya kuchanganya pale ya peke yake inapotosha. Karne nyingi baadaye, amoksiklavu ni mfano mzuri wa kanuni hiyo. Ikiwa amoksisilini peke yake inatosha, kuomba "ile kali zaidi" ni kununua hatari kwa pesa yako.

Tatu, imepokewa katika Sunan Abi Dawud na kwingineko kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya atakachokiharibu. Wanazuoni wamejenga juu yake hukumu za fidia. Basi kaka na dada, kumgawia mwenzako vidonge vilivyobaki kunaonekana ni ukarimu, lakini jiulize kama uko tayari kubeba dhamana hiyo. Ukarimu ulio bora ni kumsindikiza hospitali na kumlipia nauli.

Nne, kuhusu Ramadhani. Baadhi yetu hukatiza dozi kwa ajili ya saumu, na wengine humeza dozi mbili kwa pamoja wakati wa kufuturu. Yote mawili si sawa. Muulize daktari au mfamasia kama ipo dawa ya mara moja au mara mbili kwa siku, itakayoingia kati ya futari na daku. Kama haipo na ugonjwa unahitaji tiba, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na atalipa baadaye. Ruhusa hiyo ni rehema ya Allah (s.w.), na hakuna aibu kuichukua.

8. Mambo ya kufanya kuanzia leo

1. Usinunue kiuavijasumu bila kuonwa na mtaalamu. Uliza: ni lazima? Kwa siku ngapi?
2. Dai jina la dawa liandikwe, na uhifadhi karatasi hiyo kwa angalau miezi miwili baada ya dozi kwisha.
3. Mweleze daktari kila unachotumia: mitishamba, vidonge vya kuongeza nguvu, hata habasoda. Mweleze pia kama uliwahi kuugua ini.
4. Pima homa ya ini aina ya B, na ukiwa huna, pata chanjo.
5. Ukiona macho ya manjano au mkojo mzito pamoja na kutapika, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na dawa mkononi.
6. Kama unatibiwa kifua kikuu, usiache dawa moja kwa moja kwa uamuzi wako. Rudi kliniki siku hiyo. Wao watapima, watasimamisha ikibidi, na watarudisha dawa moja moja kwa mpango. Kuacha kimyakimya huzaa kifua kikuu sugu, na hilo ni dhara kwako na kwa unaoswali nao safu moja.
7. Dhara likithibitika, omba liripotiwe kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Kila ripoti ni ushahidi wa kumsaidia mgonjwa mwingine usiyemjua.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya dhara linalotegemea kipimo na lisilotegemea kipimo? Toa mfano wa kila moja.
2. Mwenzako alimaliza amoksiklavu wiki tatu zilizopita, na sasa anawashwa mwili mzima na mkojo wake ni mzito. Anasema dawa haihusiki kwa kuwa aliimaliza zamani. Utamjibu nini?
3. Ni vipi kanuni ya kuondoa madhara inaafikiana na kuendelea kutumia dawa yenye madhara adimu?
4. Chumbani kwenu kuna vidonge vilivyobaki. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini ili visigawiwe kiholela?

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa waangalifu wa amana aliyotupa. Amin.